Jina Nyuma ya Kiti

Binti wa kaka yangu anaitwa Mitchel, na kazi yake ni kupaka maua viti vya watu. Anayetaka kucheka acheke sasa amalize, tuendelee. Mimi nilicheka sana, tena mbele yake, na hata leo kuna asubuhi namwona amepiga magoti kwenye baraza yake hapa mtaa wa Amalemba, brashi nyembamba mkononi, akichora jani la mrenda kwenye mguu wa stuli ya mtu, nami najiuliza kama ni kwa ajili ya hili kaka yangu aliuza miwa miaka yote ile kulipa karo. Stuli yenyewe ilifaa kuwa kuni.

Mimi ni Zilpah, senje yake, yaani shangazi wa upande wa baba. Nilipika kwenye shule ya wasichana mpaka nikastaafu, na mtu aliyewapikia wasichana maharagwe miaka yote hiyo hatafuti tena kupendwa. Tumepanga vyumba katika ploti moja, mlango wangu unatazamana na wake, kwa hiyo mambo yake nayajua bila kuyatafuta. Rangi ikinuka kwake, chai yangu inanuka rangi.

Aliolewa Lugari na mwanamume aitwaye Wandera, mwenye shamba kubwa la mahindi na akili ya gunzi. Huyo Wandera alileta mke wa pili bila hata kumwambia wa kwanza aongeze maji kwenye chai. Mitchel alimpikia mgeni chakula cha jioni, akaosha vyombo, na kulipokucha akabeba sanduku la mbao alilopewa na marehemu mama yake siku ya kuolewa, akarudi kwao Butali. Hakulia. Ningemwonea huruma zaidi kama angelia kidogo, lakini alishuka garini na sanduku lake kama mtu aliyetoka sokoni.

Nyumbani aliwakuta kaka zake wawili. Wekesa ndiye mkubwa. Anafanya kazi ya ofisini mjini, kazi ambayo hakuna aliyewahi kunieleza ni ya nini, ila ina kitambulisho cha kuning'iniza shingoni na yeye hukivaa hata matangani. Chrispinus ndiye mdogo, na kazi yake ni kukaa nyumbani akikubaliana na Wekesa. Wawili hao walimweleza dada yao kwamba msichana akishaolewa, kwao ni mahali pa kusalimia tu. Baba yao, Khaemba, ambaye ni kaka yangu wa tumbo moja, alikuwepo pale pale, na alichofanya ni kukohoa. Kaka yangu hana ugonjwa wowote wa kifua. Hukohoa akitakiwa kuamua jambo.

Ndivyo Mitchel alivyokuja Amalemba kupanga chumba mbele ya changu. Lile sanduku lilikuwa limepasuka kifuniko njiani, na kwenye simu alikuwa amemwona mwanamke wa nchi za mbali akikwangua kabati la bibi yake na kulipaka upya huku muziki ukilia. Akanunua msasa, puti ya kuzibia matundu na makopo madogo ya rangi, akaanza. Mara ya kwanza aliharibu kabisa. Hakusubiri rangi ya chini ikauke, na ile ya juu ikakunjamana kama utando wa maziwa. Akaikwangua yote, akaanza tena, nami nikamwambia kwamba sanduku limeshampa talaka ya pili. Safari hiyo alichora ua la boga kwenye kila pembe, na mama mwenye ploti alipoliona akamletea meza yake.

Tangu hapo hajapumzika. Kiti kikija, anakitoa vanishi yote ya zamani, anaziba matundu ya wadudu, anapiga msasa mpaka mkono ukipita hausikii kitu, halafu ndipo rangi, halafu michoro, halafu vanishi mpya. Anachora majani ya mrenda, maua ya boga, ndege mmoja mkubwa wa buluu wa msituni, na kuna mzee mmoja aliyetaka mafahali wawili wanaopigana kwenye mlango wa kabati. Kazi ikimpendeza, anaandika jina lake kwa brashi ndogo nyuma ya mgongo wa kiti, kama wanavyofanya wale wa kwenye simu. Wateja hulipiga picha jina hilo na kuwaonyesha wenzao.

Hao wateja ndio wanaonichosha. Ni watu wa mjini hapa, wenye shahada na magari. Mama zao walipokufa, walivitoa viti vya mbao sebuleni na kununua masofa makubwa ya ngozi bandia, yale yanayoanza kubanduka kabla hujamaliza kuwaonyesha majirani. Sasa wamesikia kwamba vitu vya zamani vimekuwa vya maana, basi wanakimbia kijijini kuvitoa kwenye zizi la ng'ombe, wanamletea Mitchel, na wanamwomba avitengeneze vizuri lakini asivifanye vipya sana. Mmoja alitaka meza ya bibi yake ichubuliwe pembe ili ionekane imezeeka. Meza ilikuwa imezeeka yenyewe bila kusaidiwa na mtu. Nilimwambia mama huyo kwamba mimi pia nimechubuka pembe, kama anataka kuninunua. Hakucheka, na sikutarajia acheke.

Mwaka jana Khaemba alitangaza kwamba ifikapo Desemba, watu wakiwa wamekuja nyumbani, atawaita wazee wa ukoo agawe shamba angali hai, ili akifa wanawe wasivunjane vichwa. Mitchel aliposikia habari hizo alivuka kuja mlangoni kwangu na mikono yake ya rangi, akasimama bila kuketi. Alitaka apewe kona ya nyuma, ile ya migomba, mahali pa kusimamisha nyumba ya vyumba viwili. Hakutaka zaidi ya hapo.

Nilijua ni kwa nini. Kwetu mwanamke aliyeachana na mume, akifa bila mahali pake, watu huanza kubishana maiti ikiwa bado iko ndani ya gari. Kwa mume hatakiwi. Kwa baba yake anachimbiwa pembeni kabisa kando ya ua, haraka haraka, na mhubiri anafupisha. Nimehudhuria maziko ya namna hiyo, na Mitchel alihudhuria nami. Mimi mahali pangu pako, kando ya marehemu mume wangu kule Malava, nimeshapafyeka nyasi. Yeye hakuwa na pa kufyeka.

Aliniomba nimsemee kwa baba yake. Sipendi kuwasemea watu, lakini senje kwetu ana sauti hata kama hana shamba, basi nikafunga safari hadi Butali. Khaemba alinisikiliza mpaka mwisho, akakohoa, akasema ataangalia. Nikamwuliza ataangalia nini, maana kona ile iko pale pale tangu tuzaliwe. Akaniuliza kama nimekunywa chai.

Siku hiyo ndipo nilipoona alichokalia. Wekesa alikuwa amemnunulia kiti kikubwa cha ngozi bandia, chenye mpini wa kuinulia miguu na tundu la kuwekea kikombe. Kaka yangu alikikalia ukingoni, mgongo wima, kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari. Nikauliza kiti chake kiko wapi. Chrispinus akanijibu kwa furaha kabisa kwamba kile cha zamani wamekiweka kwa kuku.

Kiti chenyewe ni cha mvule, cha mikono, kilichotengenezwa na fundi mmoja wa Malava wakati Khaemba alipovuna miwa yake ya kwanza. Katika boma la Mluhya kiti cha baba hakikaliwi ovyo. Mtoto hakikalii, wala mgeni, na baba akiwa safarini kinabaki wazi, watu wanabanana kwenye mabenchi. Siku baba akishazikwa, wazee humkalisha mrithi juu yake watu wote wakiona. Kwa sababu hiyo wana wenye akili hawakisogelei baba yao akiwa hai. Hawa wawili walikuwa wamekitupa kwenye banda, kuku wakatagia juu yake na mchwa wakala mguu mmoja wa nyuma, kwa kuwa hakikufanana na sofa. Nilikitazama nikatema mate chini, na Chrispinus akadhani ni kwa sababu ya harufu.

Nilimweleza Mitchel. Kesho yake alikwenda Butali kwa pikipiki, akamwomba baba yake amruhusu akichukue akitengeneze. Khaemba alikubali upesi, labda kwa sababu hilo halikuhitaji kuamuliwa mbele ya mtu. Kiti kikaja Amalemba kimefungwa kwa mpira nyuma ya pikipiki, na kinyesi cha kuku kimekaukia kwenye mikono yake.

Wateja wote waliambiwa wangoje. Mama wa meza ya kuchubuliwa alikuja mara mbili, akarudishwa mara mbili. Mitchel alikiosha kiti kwa maji ya moto, akamtafuta fundi akakiwekea mguu wa mvule kama ile mingine, akakwangua vanishi yote mbele na nyuma mpaka mbao ikatoka rangi yake. Halafu akachora miwa. Ilianza chini miguuni, ikapanda kwenye mikono miwili, na majani yakakutana juu pale ambapo kichwa cha baba yake kingeegemea. Hakutumia rangi za kelele kama za wateja. Nilimkuta jioni moja anachora fundo la muwa, anafuta, anachora tena, nikamwuliza kama anadhani baba yake atahesabu mafundo. Akasema baba yake amekata miwa maisha yake yote, ataona likiwa si lenyewe. Kilikuwa kizuri. Nasema hivyo mara moja, na sitarudia.

Desemba ikafika, tukaenda. Wazee watatu wa ukoo walikuwa wameketi, na mzee wa kijiji pamoja nao. Wekesa alikuwa na kitambulisho chake shingoni nyumbani kwa baba yake mwenyewe. Mitchel aliingiza kiti kikiwa kimefunikwa leso, akakiweka mbele ya Khaemba, akaivuta leso. Kaka yangu hakukohoa. Aliinuka kutoka kwenye ile takataka ya ngozi, akakizunguka kiti mara moja, akaketi, akapitisha viganja juu ya miwa kwa muda mrefu. Halafu akaegemea. Sikuwa nimemwona akiegemea tangu mkewe afariki, na nikasema moyoni kwamba kona ya migomba imepatikana.

Chai ikaletwa na Beverlyne, mke wa Chrispinus. Huyu ni mwanamke asiye na ubaya wowote, ila hawezi kuona maandishi bila kuyasoma kwa sauti; husoma hata pakiti ya chumvi. Alipita nyuma ya kiti na birika lake, akasimama, akasoma.

"Mitchel Khaemba," alisema.

Vikombe viliacha kugongana. Kwa msomaji asiye wa kwetu lazima nieleze. Kwetu kiti hakikai nyumbani. Msiba ukitokea popote kijijini, kila boma hubeba viti vyake kwenda kusaidia, na baada ya maziko viko mamia vimechanganyika uwanjani. Kwa hiyo kila kiti huandikwa jina la mwenyewe nyuma au chini, na jina hilo ndilo neno la mwisho. Hata watu wakigombana, kiti kinageuzwa, kinasomwa, kesi imeisha. Mitchel amebeba viti kichwani kwenda matangani tangu utotoni. Alijua hilo kuliko alivyojua sala. Lakini alikuwa ameandika jina lake nyuma ya viti vya watu wa mjini vingi mno, kwa watu ambao hawajawahi kubeba kiti kumpelekea mfiwa yeyote, na kazi ile ilimpendeza kuliko zote alizowahi kufanya, na mkono ukaandika.

Mzee mmoja alimwomba Khaemba asimame. Akakigeuza kiti akitafuta jina la zamani, lile la rangi nyeusi lililoandikwa na yule fundi wa Malava. Halikuwepo. Lilikuwa limetoka pamoja na vanishi.

Sasa ilisomeka hivi: binti aliyerudi kutoka kwa mume amelifuta jina la baba yake kwenye kiti cha baba yake, akaweka lake, akakileta siku ya kugawa shamba. Mtu angekaa mwaka mzima akitafuta kosa la kijinga kuliko hilo asilipate. Nilitamani kumpiga kofi.

Wekesa alisimama. Alikuwa amengojea sababu, na sasa alikuwa amepewa imefungwa kwenye leso.

"Wewe unaandika jina yako kwa kiti ya Baba, na bado anapumua," alimwambia dada yake. "Unataka akufe lini?"

Mitchel alieleza. Alisema wachoraji huandika majina yao kwenye kazi zao, kwamba mkono umezoea, kwamba ana msasa kwenye mkoba na anaweza kulitoa sasa hivi na kuandika la baba. Kila neno lilikuwa kweli, na kila neno lilizidi kumzamisha, kwa sababu hakuna aliyemwuliza kuhusu wachoraji. Mzee wa kwanza akasema jina likishasomwa limesomwa. Wa pili akatikisa kichwa. Chrispinus akamtazama Wekesa ili ajue anachofikiri yeye.

Hapo nikasimama mimi. Nikawauliza wale wavulana, maana ni wavulana hata wakiota mvi, kiti kilipokuwa kwa kuku kilikuwa cha nani. Nikawauliza kama ni Mitchel aliyekipeleka huko. Nikasema mtu anayemtakia baba yake kifo hampelekei kiti kilichotolewa mchwa na kutiwa mguu mpya, anakiacha kioze. Wekesa akasema kwa heshima zote kwamba Senje anaweza kuketi. Kitambulisho kilikuwa kimegeukia nyuma, kinaonyesha mgongo mweupe mtupu, na nadhani hiyo ndiyo picha yake iliyo sahihi zaidi.

Watu wote wakamgeukia Khaemba. Nimezaliwa tumbo moja na mtu huyu, tumelala kitanda kimoja tukiwa wadogo, uso wake naujua. Alijua kwamba binti yake hakumtakia mabaya. Alijua kama nilivyojua mimi. Ilihitajika aseme maneno machache tu, aitishe msasa, acheke kidogo, na siku ingeendelea. Lakini wazee walikuwa wanamtazama, na Wekesa alikuwa amesimama, na kaka yangu tangu utotoni humwogopa yeyote aliyetangulia kusimama na kusema. Akakohoa.

"Kiti iko na jina," alisema. "Mwenye jina akuje achukue, aende nayo."

Mitchel aliikunja ile leso akaifanya ngata, akaiweka kichwani, akainua kiti bila kusaidiwa. Ni kizito. Alipita katikati ya wazee, akapita uwanjani, akatoka langoni, na miguu ya kiti haikugusa mwimo wa mlango. Nilimfuata nikiwa na hasira hata nikasahau viatu vyangu vya kubadilisha. Kaka yangu niliwahi kumdharau mara nyingi kwa mambo madogo, kwa kikohozi chake na uoga wake wa kila siku. Siku hiyo nilimdharau kwa moyo wangu wote.

Kilichofuata nilielezwa na Beverlyne kwa simu. Wekesa alipewa upande wa barabarani, Chrispinus upande wa mtoni. Ile kona ya migomba Wekesa aliiomba iongezwe kwake awe na mahali pa kuegesha gari, gari ambalo bado hajanunua, lakini wazee walikuwa wamechoka na wakasema hiyo itazungumzwa siku nyingine. Khaemba alikataa kuketi muda wote huo. Alisimama akiegemea fimbo mpaka mambo yakaisha, na tangu siku ile, Beverlyne akasema, kile kiti cha kuinua miguu hakigusi. Anakalia debe lililogeuzwa nje ya jiko. Nikamwambia Beverlyne debe linamfaa.

Mitchel alikiweka kiti barazani, akakifunika leso, akarudi kwenye stuli za watu. Hakukikalia hata siku moja. Wateja waliichungulia miwa ile na kutaka kukinunua, na mmoja alirudi na mumewe ili mume aongeze bei, wakajibiwa kwamba si cha kuuza. Jina hakulifuta. Nilimwambia alifute, kama si kwa sababu nyingine basi kwa sababu ya kujua kwamba amekosa. Akasema atalifuta siku atakapoambiwa na mwenye kiti, na mwenye kiti, kwa maneno ya baba yake, ni yeye. Nilimwona ana kiburi. Wiki zikapita, na jioni akifunga kazi nilimwona anapangusa vumbi kwenye leso ile, kisha anaingia ndani bila kuwasha redio.

Pasaka ilikuwa imepita Khaemba alipokuja. Mwanamume kwetu haendi ovyo kukaa katika nyumba ya kupanga ya binti yake, tena binti asiye na mume wa kumpokea, kwa hiyo nilipomwona akiingia langoni na kofia yake, amebeba mkungu wa ndizi, nilizima jiko nikatoka. Ndizi zilikuwa za ile kona. Aliziweka barazani.

Mitchel alimsalimia vizuri, akampokea kofia. Khaemba alisimama kando ya kiti, akaweka mkono juu ya leso, na akaanza kuzungumza kwa sauti ya chini ingawa tulikuwa watatu tu. Alisema amefikiri. Alisema kona ile haina mtu, na kama Mitchel angependa anaweza kuanza kuleta mawe kidogo kidogo, nyumba ikapanda polepole, na yeye hatamzuia. Ila asiwaambie kaka zake kwanza. Wakija kuuliza, watakuta nyumba ipo.

Mitchel alimwuliza kama anaweza kuyasema hayo mbele ya wale waliokuwepo siku ile.

Baba yake akakohoa. Halafu, kama mtu aliyemaliza kazi ngumu, akaiondoa leso, akageuka, akaanza kujishusha kwenye kiti.

"Baba, hiyo iko na jina," Mitchel alisema. "Kaa kwa ile ingine."

Alimwonyesha kiti cha plastiki, kile anachosimamia akipaka sehemu za juu za makabati, chenye madoa ya kila rangi na nyayo zake. Hakupandisha sauti. Khaemba alibaki amejikunja nusu, mikono imeshika miwa pande zote mbili, akimtazama. Mimi nilifurahi. Niliona aibu kufurahi, lakini nilifurahi, na papo hapo moyo ukaniuma kumwona mzee yule anajiinua tena kutoka kwenye kiti chake mwenyewe, taratibu. Akaenda akakalia plastiki.

Halafu binti huyo akampa kila kitu kingine. Alichinja kuku aliyekuwa akimfuga kwa ajili ya Krismasi, akapika ugali wa wimbi anaoupenda baba yake, akamwagilia maji ya kunawa akiwa ameinama, akamwekea sahani mbele yake na ile imondo, firigisi ya kuku, imekaa juu kabisa, maana kwetu hiyo ni ya mwenye boma na hapewi mwingine. Hakumpunguzia baba yake heshima hata kidogo. Khaemba aliitazama imondo ile kwa muda. Aliila polepole, akiwa kwenye plastiki, na kiti chake kikiwa wazi mkono mmoja kutoka kwake.

Nilimsindikiza kwenda kupanda gari la Butali. Tulitembea mpaka karibu na barabara kuu.

"Amenikataa," alisema.

"Wewe ulimkataa mbele ya ukoo mzima," nikamwambia. "Yeye amekukataa mbele yangu peke yangu. Na amekupea imondo."

Nilingoja akohoe. Hakukohoa. Alisimama kando ya njia, pikipiki zikitupita, akaniuliza kama wale wazee wanaweza kukubali kuitwa mara ya pili, na kama naweza kuwapigia mimi, kwa kuwa mimi najua kuzungumza. Nikamwambia ana simu na ana mdomo. Akaitoa simu mfukoni, akaishika mbali na macho, akashindwa kusoma, akanipa. Nilimtafutia namba ya mzee wa kwanza, nikamrudishia mkononi. Nilisimama pale pale, nikayaacha magari mawili ya Butali yakaenda, mpaka nikamsikia akisema kwamba anawaita kwa ajili ya binti yake, na kwamba Wekesa aambiwe aje.